Tupeane uzoefu: mliopima damu kuangalia figo, majibu yalisemaje?

Mwanzisha mada (Kampala): Habarini ndugu. Mzee wangu ana presha ya siku nyingi, na sasa daktari kamwandikia kipimo cha figo. Waliopima, mliambiwa nini? Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya jirani.

Dereva wa Malaba: Naendesha trela. Nilipima mpakani, kreatinini (ule uchafu wa misuli ambao figo huuchuja kwenye damu) 1.1. Miezi ikapita, nikapima tena Kampala, naona 97! Jasho likanitoka palepale kwenye benchi, nawaza shamba namwachia nani. Binti wa maabara akachukua kalamu, akazungushia duara vile vijiherufi vya pembeni: huku mg/dL, huku µmol/L, yaani vizio viwili tofauti vya kitu kilekile. Zidisha 1.1 kwa 88.4, unapata hiyohiyo 97. Figo ni zilezile! Karatasi ya zamani usitupe, mzee aende nayo. Yangu inakaa pamoja na leseni.

Mama Sukari, Arua: Kreatinini yangu walisema si mbaya sana, ila eGFR, yaani kadirio la kasi ya figo kuchuja damu, ilisoma 52. Hiyo hupigwa hesabu kwa kreatinini, umri na jinsia, ndiyo maana namba inayomfaa kijana kwa bibi kama mimi inaweza kuwa kasoro. Daktari hakunitangazia ugonjwa siku ile. Alisema ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu ndipo wanaita ugonjwa sugu wa figo, akataka na mkojo aangalie protini. Niliporudi, namba ilikuwa haijasogea. Sasa dawa ya presha siruki, na diklofenaki ya magoti kaipiga marufuku. Magoti yanauma, sitawadanganya.

Chuma, Jinja: Mimi nabeba vyuma. Usiku wa kuamkia kipimo nilikula muchomo wa kutosha, kreatinini ikasoma juu. Wakasema misuli mikubwa na nyama vyote huipandisha, nirudi bila nyama. Nikarudi, ikashuka.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Mzee afunge kula?

Mama Sukari, Arua: Kwa kreatinini peke yake si lazima, mwanangu. Kama kaandikiwa na sukari ya asubuhi, hapo aende na njaa. Halafu dawa zake zote azitie kwenye kaveera abebe, na mitishamba pia. Daktari wangu alizikagua mojamoja.

Mwanzisha mada: Dawa za hospitali atazibeba bila shida, mama. Mitishamba ndiyo anaificha hata mimi.

Dereva wa Malaba: Muulize mama yako, anajua ilipo 😂