Kuhariri picha ya nyanya bila kumbadilisha sura

Binti wa Dagoretti:
Hamjambo, ndugu zangu. Nimempiga nyanya yangu, mwenye umri wa miaka 83, picha ya uso akiwa ameketi kibarazani kwetu Dagoretti, na nataka kuichapisha kwa ukubwa wa inchi 12 kwa 16 ili itundikwe sebuleni kabla ya wajomba kufika mwezi wa Desemba. Jua la adhuhuri lilimtia mng'ao mkali kwenye paji la uso na puani, nami nikajaribu kuuondoa kwa GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha kwa matabaka yanayolaliana: nilinakili tabaka, nikalitia ukungu, kisha nikaongeza mwanga wa picha nzima. Mng'ao ulipungua, lakini ngozi imekuwa kama ya mwanasesere wa plastiki, na isitoshe amekuwa mweupe kuliko alivyo. Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda, akauliza huyo ni nani. Swali hilo limeniuma sana. Nifanyeje ili mng'ao upungue, naye abaki yeye?

Fundi wa Umoja:
Pole, dada. Ukungu uliotia umefuta mambo mawili kwa pamoja: tofauti za mwanga, ambazo ndizo ulizotaka kuzisawazisha, na vinyweleo na mikunjo midogo, ambayo ndiyo ngozi yenyewe. Inafaa uyatenganishe. Tangu toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, GIMP ina kichujio kinachoigawa picha katika matabaka kadhaa kulingana na ukubwa wa maumbo, hivi kwamba vinyweleo hukaa kwenye matabaka ya juu, na rangi pamoja na vivuli vipana hukaa kwenye lile la chini kabisa. Zungushia eneo la mng'ao kwa ukingo laini, ulitie ukungu tabaka hilo la chini peke yake, na yaliyo juu usiyaguse. Pale ambapo namba tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, zote zimefika 255, kiwango cha juu kabisa ambacho ni weupe mtupu, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Chukua rangi ya ngozi iliyo karibu, uipake kwa brashi yenye nguvu ya asilimia 10 hivi, kidogo kidogo, huku ukisogea mbali na skrini kutazama.

Mama Studio:
Mimi nahariri picha za harusi na za mazishi hapa mjini, na kinachonisumbua zaidi katika maelezo yako ni huo weupe. Fungua picha ya asili kando ya ile unayohariri, pima rangi ya shavu mahali pasipo na mng'ao, andika namba zake tatu, kisha uzilinganishe kila baada ya hatua. Zikipanda zote kwa pamoja, ujue unamchubua nyanya. Usiongeze mwanga wa picha nzima ili tu macho yaonekane vizuri. Weka juu tabaka la kijivu cha wastani, 128 kwa rangi zote tatu, katika hali ya kuchanganya matabaka iitwayo mwanga laini, ambako kijivu hicho hakionekani, kisha upake weupe hafifu machoni na weusi hafifu unapotaka kina. Mikunjo iache. Mara nyingine mkalishe kivulini karibu na mlango, upunguze mwanga kwenye kamera, kwa maana kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, na uso mweusi ukijaza picha itaongeza mwanga hata paji liwe jeupe tupu.

Mchapishaji:
Kwa ubora wa pikseli (vitone vinavyounda picha) 300 kwa inchi utahitaji pikseli 3,600 kwa 4,800. Omba kwanza kipande kidogo cha majaribio, na uchague karatasi isiyong'aa.

Binti wa Dagoretti:
Asanteni sana. Nimeanza upya kutoka picha ya asili, na nimegundua kwamba ule ukungu ulikuwa umefuta hata kovu la juu ya nyusi na kuziba ndewe za masikio yake. Paji bado linang'aa kidogo, nami nimeliacha hivyo. Jioni hii nimemwonyesha tena: ameigusa skrini penye sikio, akamtaja kwa jina aliyemtoga.