Namna ya kuandika kumbukumbu ya mdogo wangu aliyefariki ghafla

Dada wa Ujiji

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mdogo wangu wa mwisho, fundi wa taa za kuvulia dagaa hapa Kigoma, aliamka akilalamika kichwa, na kabla ya alasiri alikuwa ametutoka, akiwa na umri wa miaka 24. Wasifu uliosomwa msibani, ambao binamu yetu aliuandika harakaharaka, ulitaja shule alizosoma na kueleza kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu, maneno ambayo yangeweza kusomwa kwa kijana yeyote. Sasa hitima ya arobaini inakaribia (najua wapo wasioikubali arobaini, lakini wazee wa ukoo wamekwishaamua), nami nimekabidhiwa kazi ya kuandika kumbukumbu ambayo mjomba ataisoma.

Msemaji wa familia alipotangaza, kama ilivyo desturi, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, hakutokea mdai hata mmoja. Waliokuja walikuwa watu waliokiri kwamba wao ndio wanaodaiwa. Ndipo tulipolifungua daftari lake, tukakuta kurasa nyingi za taa na betri alizotengeneza kwa mkopo, na pembeni mwa baadhi ya majina ameandika "asisumbuliwe" au "mpaka giza lijalo", yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa. Naona maisha yake yamo humo kuliko yalivyo katika vyeti vyake, lakini nachelea kuwaaibisha watu. Nifanyeje?

Mwalimu mstaafu, Kasulu

Pole sana, binti yangu. Taja vitendo, uyaache majina: "mvuvi mmoja wa Kibirizi" inatosha, na mwenyewe atajijua. Maneno hayo ya pembeni yasomwe kama alivyoyaandika, bila kuyapamba.

Ila daftari hilo sasa ni sehemu ya mirathi. Ikiwa hakuoa wala hakuacha mtoto, na wazazi wenu wote wawili wako hai, kwa sheria ya Kiislamu warithi ni wao na ninyi ndugu hampati kitu. Kwa hiyo wenye haki ya kusamehe madeni ni wao, na kumbukumbu isitoe msamaha kwa niaba yao. Kuhusu sababu ya kifo, andika mlichoambiwa na daktari au usiandike chochote. Uvumi wa mkono wa mtu, ambao haukosekani kifo kinapokuwa cha ghafla, usipewe hata nusu sentensi, hata ya kuukanusha.

Mvuvi, Kibirizi

Nilimfahamu, na naomba uandike kwamba hakuwa mcheshi kila wakati. Ukimpelekea taa uliyokwisha kuifungua mwenyewe kwa kisu, alikuwa akikugombeza mbele ya watu bila kujali umri wako, kisha anaitengeneza. Sisi tunaovua usiku tunaitegemea taa kuwavuta dagaa, na betri ikizima kabla ya alfajiri, mafuta ya injini na jasho la watu wote waliomo chomboni vimepotea. Yeye alilielewa hilo, akawa hakubali kukukabidhi betri asiyoiamini hata kama fedha umeishika mkononi.

Serikali ilipolifunga ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, wengi wetu hatukuwa na kipato, na mafundi wengine waliondoka. Yeye alibaki akizikarabati taa zetu kwa ahadi tu, ili siku ya kufunguliwa tusikwame ufukweni. Taa yangu ni mojawapo. Mimi jina langu lisomwe, sioni aibu.

Mama, Mwanga

Mwanangu, nilimzika binti yangu akiwa chuoni, na katika misa ya kumbukumbu yake nilisikiliza habari za mtoto asiye na kasoro ambaye mimi sikuwahi kumzaa. Zile hasira alizozitaja huyo mvuvi usizifute. Usiandike pia jinsi ambavyo angekuja kuwa mtu mkubwa, kwa sababu sentensi hiyo humrudisha mzazi nyumbani na msiba mwingine, wa maisha ambayo hayakuwapo. Zaidi ya yote, mama yenu asomewe maandishi hayo faraghani kabla ya siku yenyewe, na kama mna sauti ya marehemu katika simu, isipigwe kwenye spika bila ridhaa ya mama. Mimi nilifanyiwa hivyo, nikaanguka.

Dada wa Ujiji

Ahsanteni sana, na shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Mama amesomewa jana usiku. Amekataa sauti kabisa, na amenirekebisha mahali nilipoandika kwamba marehemu alianza ufundi baada ya shule, kwani anasema alianza kufungua redio za majirani akiwa darasa la tano, na wengine hawakurudishiwa zikiwa nzima. Hilo nimeliongeza. Baba ameridhia daftari lisomwe bila majina, na suala la madeni atalizungumza mwenyewe na wahusika baada ya hitima. Kaka mvuvi, jina lako nimelipeleka kwake. Amesema kwanza uje muonane.