Kanuni za hataza kwenye kikundi chetu cha mizani ya maziwa: tunaweza kuzirudisha nyuma?

NyarKano, Kisumu

Habari zenu. Mimi ni fundi wa mizani. Karakana iko Kondele lakini mkate wangu uko juu kule Nandi na Lugari, kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Tangu 2021 tuko watu kumi na mmoja tunaoandika kiwango kimoja cha jinsi mizani ya kielektroniki inavyotuma data kwa kompyuta ya chama cha ushirika: namba ya mkulima, kilo, saa, namba ya mkebe. Zamani kila mizani ilikuwa na lugha yake. Chama kikibadilisha muuzaji, karani anakesha akinakili kilo za wakulima mia tatu kwa mkono, na asubuhi wakulima wenyewe wako dirishani.

Balaa limetoka kwenye mkebe. Wanaojua maziwa wanajua mikebe hailingani. Uliochomelewa mpini unazidi uzito, uliopewa kifuniko chepesi unapungua. Mizani ikipunguza uzito uleule wa mkebe kwa mikebe yote, leo chama kinapunjwa, kesho mkulima. Kwa hiyo Machi mwaka jana tulikutana Ahero, hoteli ya kando ya barabara, kila mtu na samaki wake wa ngege, tukakubaliana kila mkebe ubandikwe kichipu chenye uzito wake ukiwa mtupu. Mizani inasoma kichipu, inapunguza uzito huo, inatuma kilo.

Meza ileile alikuwepo jamaa wa kampuni moja inayouza mizani. Siku nzima alisema sentensi moja tu: "Wekeni na tarehe mkebe ulipopimwa mwisho." Tukaandika, tukamshukuru. Mwezi uliopita ikaja barua kutoka kwa mwajiri wake: wana maombi ya hataza (haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa) juu ya kichipu cha mkebe, yaliwasilishwa Januari, miezi miwili kabla ya wale ngege. Wanataka shilingi 300 kwa kila mizani kila mwezi.

Kanuni zetu za haki miliki ni mstari mmoja, niliuandika mimi mwenyewe: "Kilichoandikwa hapa ni cha wote." Sasa wenzangu wamewaka. Wanataka tuubadilishe useme kwamba yeyote aliyechangia tangu 2021 amesalimisha haki zake zote, hataza zikiwemo, na asiyekubali atoke. Moyo wangu unataka hivyo hivyo, kichwa kinasita. Wale wakubwa wanaoandika viwango vya intaneti hubadilishaje kanuni zao? Wanaweza kurudi nyuma hivyo?

Mfugaji wa Lugari

Dada, mnangoja nini? Mtu anakula samaki na nyinyi huku amewafungia mlango kwa nyuma. Mfukuzeni kwanza, kanuni mtaandika baadaye. Mia tatu kwa mwezi itakatwa kwa nani kama si kwa mimi mwenye ng'ombe wawili?

Mstaafu, Section 58 Nakuru

Binti yangu, pole. Nilikuwa mitambo ya simu kwa miaka mingi na mambo ya IETF, ile jumuiya inayoandika itifaki za intaneti, nimeyafuatilia tangu enzi za modemu za kupiga simu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana mengine yote yanakaa juu yake: kurudi nyuma walishawahi kujaribu kidogo, wakaungua.

Hiyo ilikuwa Novemba 2008, na haikuwa hata hataza, ilikuwa hakimiliki ya maandishi. Walitoa waraka RFC 5378 (RFC ndilo jina la nyaraka zao zenye namba) uliotaka kila anayewasilisha rasimu aipe jumuiya haki pana zaidi za maandishi yake kuliko zamani. Nia ilikuwa safi. Lakini viwango havianzi na karatasi tupu. Rasimu ya leo imebeba aya za mtu aliyeandika miaka kumi iliyopita, naye alikubali masharti ya wakati ule, si ya leo. Mwandishi mpya akajikuta anatakiwa kuahidi haki za maneno ya watu wengine. Mwingine ameacha kazi, mwingine kampuni yake imenunuliwa, mwingine amefariki. Utamtafuta nani akutilie sahihi? Kazi ikakwama. Februari 2009 ikabidi waweke kiraka: ilani unayobandika kwenye rasimu, inayosema humu huenda mna maandishi ya kabla ya tarehe 10 Novemba 2008 ambayo wenyewe hawakutoa haki zote. Ilani hiyo unaikuta kwenye nyaraka zao hadi leo.

Hao walikuwa na wanasheria. Nyinyi mna mstari mmoja na ngege. Chora tarehe. Yaliyo kabla yake yabaki chini ya mstari wako wa zamani, yanayofuata yaingie chini ya kanuni mpya.

Sasa hataza. Watu hudhani IETF inakataza hataza. Haikatazi. Mwaka 1994 walijaribu ukali: kanuni ilitaka mwenye hataza aahidi kwa maandishi kwamba atatoa leseni kwa masharti ya haki, la sivyo kiwango kisiendelee. Kikaja kiwango cha kubana data kwenye laini za simu, mwenye hataza hakutoa ahadi kwa namna iliyotakiwa, na Februari 1996 ikabidi waandike waraka mzima wa kujiruhusu kuivunja kanuni yao wenyewe. Mimi niliusoma nikacheka peke yangu ofisini. Oktoba mwaka huohuo wakaibadilisha, RFC 2026. Tangu hapo msimamo umekuwa: sema unachojua, mapema, hadharani, kisha kikundi kiamue kama kinaitaka teknolojia hiyo au kinatafuta njia nyingine. Jumuiya haitoi hukumu kama hataza ni halali.

Ikaja RFC 3979 ya 2005, halafu RFC 8179 ya Mei 2017 ndiyo inayotumika. Hawakupindua msingi, walikuwa wanaziba matundu. Na tundu moja ndilo lako hasa: nani ameshiriki? Wa 2017 wakaeleza wazi kwamba kushiriki si kuandika rasimu tu. Ukifanya jambo lolote kwa nia ya kusukuma mjadala uelekee upande fulani, umeshiriki. Maneno ya mdomo yanahesabika, ujumbe wa gumzo unahesabika. Mwenyekiti wa kikundi kazi anahesabika ameshiriki kila kitu hata akinyamaza. Aliyekaa pembeni akisikiliza tu, hapana.

Kwa hiyo jamaa yako angekula ngege wake akanyamaza, kwa kanuni za IETF asingekuwa na wajibu. Lakini alisema "wekeni na tarehe". Sentensi moja inatosha.

Kijana wa Lolwe

Shikamoo mzee. Mimi natengeneza tovuti hapa Kisumu, nasimama upande wa W3C, wanaosimamia viwango vya wavuti. Kule "sema unachojua" haitoshi. Mwaka 2001 walitoa rasimu ya kuruhusu viwango vyenye malipo ya leseni "ya haki", watu wakapiga kelele dunia nzima, wakarudi mezani. Sera iliyopitishwa Februari 2004 inasema ukiingia kikundi kazi umekubali kutoa leseni ya hataza zako za lazima, zile ambazo kiwango hakitumiki bila kuzigusa, bila mrabaha, yaani bila kulipwa. Hutaki? Una siku 150 tangu rasimu ya kwanza ya umma kutaja hataza unayoiondoa kwenye ahadi hiyo. Ukizilaza, umefungwa. NyarKano, chukueni hiyo. Tamko bila leseni ni sawa na mwizi anayepiga hodi.

Mstaafu, Section 58 Nakuru

Marahaba kijana. Hoja yako nzuri, lakini W3C wanachama ni kampuni, na kampuni ndiyo inayofungwa. Kwa NyarKano wako mafundi na makarani wa vyama. Karani wa Kapsabet atatiaje sahihi kwa niaba ya hataza za mwajiri? Hana mamlaka hayo. IETF inamshika mtu mmoja mmoja kwa kile anachokijua mwenyewe, haimtumi akapekue kabati la kampuni. Na kama mwajiri amemziba mdomo, kanuni inamwambia asishiriki kwenye jambo hilo. Aondoke mezani. Hapo hakuna haja ya wakili kila mkikutana.

Bado jambo moja, NyarKano. Ukiandika, usiruhusu tamko la jumla, la "kampuni yetu huenda ina hataza fulani fulani". Hilo linawatia watu hofu tu, haliwaambii kitu. IETF hulikubali pale tu mwenye mali anapoahidi leseni bila malipo kwa kila mtu. Na maombi ambayo hayajachapishwa pia hutangazwa: hutoi siri iliyomo, unasema tu kwamba yapo.

Wakili mdogo, Kakamega

Nimepita tu, na huu si ushauri rasmi. Kabla hamjaandika kanuni, tenganisheni vitu viwili. Maombi ya hataza si hataza. Hapa kwetu KIPI, taasisi ya serikali inayoshughulikia hataza, ndiyo inayochunguza, na moja ya masharti ni kwamba uvumbuzi uwe mpya, yaani haukuwa wazi kwa umma kabla ya siku ya maombi. Hataza ikitolewa hudumu miaka 20 tangu siku hiyo, kwa hiyo msiichukulie mzaha. Lakini msilipe shilingi kwa barua tu. Ulizeni namba ya maombi, mwone kinachodaiwa kwa maneno yenyewe. Kichipu kwenye mkebe, au namna ya mizani kukisoma, au ile tarehe? Hayo ni madai tofauti kabisa.

Halafu dada, nani alitoa wazo la kichipu mara ya kwanza, na lini?

NyarKano, Kisumu

Asanteni wote. Mzee, nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya pili nikiwa kwenye matatu pale Chavakali nikapitiliza stendi.

Wakili, swali lako limenikosesha usingizi. Nimerudi kwenye simu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Wazo ni langu. Novemba, miezi miwili kabla ya maombi yao, nilituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya mkebe wa Kapsabet wenye kichipu nilichokibandika kwa gundi ya viatu, na chini yake nimeandika: "Huu ukijitambulisha mwenyewe hatuhitaji kubishana tena." Kundini wakati huo kulikuwa na watu 34, wengine wakulima, wengine hata siwajui. Jamaa wa mizani aliweka dole gumba.

Wakili mdogo, Kakamega

Usifute chochote. Usibadilishe simu. Hamisha mazungumzo yote na tarehe zake, uwape nakala watu wawili. Kama kundi la watu 34 wasiofungwa na siri ni "umma", hilo litabishaniwa, lakini ni hoja yenye miguu. Na kama wazo ni lako, liko pia swali la nani alikuwa na haki ya kuliombea hataza. Njoo ofisini, chai ni juu yangu.

Mfugaji wa Lugari

Dole gumba! Mimi sisemi tena.

NyarKano, Kisumu

Nitakuja Jumanne. Kuhusu kanuni, hii ndiyo rasimu niliyoandika jana usiku, stima ikiwa imepotea, kwa hiyo msamehe:

"Kanuni hizi zinaanza siku zitakapokubaliwa. Yaliyochangiwa kabla yanabaki chini ya kanuni ya 2021. Kuanzia siku hiyo, anayesema, kuandika, au kutuma picha ili kusukuma kiwango chetu, na anajua mwenyewe kuna hataza au maombi yake au ya mwajiri wake yanayogusa jambo hilo, atayataja kwa namba, au kama hayajachapishwa atasema yapo, mara tu awezapo. Asiyeweza kusema, asishiriki jambo hilo. Matamko yatabandikwa mahali ambapo kila mtu anasoma. Kikundi kitaamua kuendelea au kutafuta njia nyingine."

Kijana wa Lolwe, la leseni bila malipo nimeliweka kama ombi, si sharti. Najua hutafurahi. Ila nikiweka sharti, watu wanne kati ya kumi na mmoja hawatarudi, na wawili kati yao ndio wanaojua kuandika programu ya mizani.

Mstaafu, Section 58 Nakuru

Imekaa vizuri. Ongeza adhabu, la sivyo ni maombi ya kanisani. IETF wana waraka wa 2012, RFC 6701, unaopanga hatua: onyo la faragha, onyo la hadharani, kuvuliwa uhariri wa rasimu, kunyimwa nafasi ya kuchangia kwa muda. Anzieni chini.

Na kila mkutano someni kanuni hizo kwa sauti kabla ya kuagiza chakula. IETF wana ukurasa wao wa kuwakumbusha watu, unaonyeshwa mwanzoni mwa kila kikao. Watu huuona mara mia hadi wanauchoka. Lakini baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hakujua.

Kijana wa Lolwe

Sijafurahi, lakini nitakuja Ahero. Hiyo ya uzito kwa gramu au kwa kilo mmeamua?

NyarKano, Kisumu

Gramu, bila nukta. Mizani ya Kapsabet ikiona nukta inazima.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Jamaa wa mizani nimemwalika kwa jina, kwa maandishi, na kanuni nimemtumia. Amesoma, tiki mbili za buluu zipo. Hajajibu.