Viluwiluwi vyangu vinafika mwisho, miguu ya mbele inatoka, kisha vinakufa. Ni nini njo nakosea?

Mama Neema (Panzi, Bukavu)

Jambo yenu bote. Musinicheke juu ya swali hii, kwangu imeshakuwa kubwa kwa sababu mtoto analia kila asubui. Kijana wangu wa miaka 9 alienda na marafiki wake mu shimo moja huku Panzi fasi batu banachimbaka udongo ya matofali, akarudi na nusu ndoo ya viluwiluwi. Mi nikasema mwanga hiyo uchafu, baba yake akasema acha mtoto ajifunze. Sasa baba yake anatoka saa moja kwenda kazini na mi njo nabakia na vyura.

Vilikuwa karibu 40, vyeusi vidogo vidogo, vyote mu beseni moja ile ya kufuliya. Wiki ya kwanza maji ilianza kunuka, nikamwanga yote nikaweka ya robine moja kwa moja, mpaka jioni 11 vilikuwa vimekufa. Pale nilielewa mwenyewe kama ni javeli, ile dawa ya klorini yenye banawekaka mu maji. Tangu siku ile nalaza maji mu beseni wazi usiku na mchana mbele ya kuitumia na vifo vilisimama kabisa. Nawapa lengalenga yenye nimechemsha kidogo, banaikula sawa mbuzi. Wiki ya tano miguu ya nyuma ikaanza kutoka, batoto wa avenyu nzima banakuja kuangalia, mi mwenyewe nilifurahi usiseme.

Sasa ajabu ni hii. Kimoja kikitoa miguu ya mbele tu, siku moja ao mbili kisha tunakikuta tumbo juu, na mkia ingali ndefu. Sita vimeenda hivyo. Niliongeza chakula, haikusaidia. Nilihamisha beseni ndani juu ya baridi, haikusaidia. Na ile yenye ingali na miguu ya nyuma pekee iko na afya, inaogelea.

Tena kwiko tatu zenye hazifanane na zingine, ni kubwa, unaona mpaka matumbo ndani sawa plastiki, na ku mdomo ziko na ndevu mbili kama kambale. Ni samaki ao ni chura? Hizo haziguse lengalenga hata.

Jos_Kadutu

Dada pole lakini viluwiluwi vya mbu ama vya chura? Juu kwetu yote tunaita viluwiluwi. Kama ni vya mbu mwanga leo leo, utatupatia malaria karitie nzima 😂

Mama Neema

Kaka Jos soma basi! Kiluwiluwi cha mbu kinaotaka miguu ya nyuma wapi?

Jos_Kadutu

Aya nimekubali, ndubwi basi. Lakini ile beseni funika na kipande ya musitikere (chandarua), juu mbu hawaulizake kama maji ni ya chura ao ya nani, kisha wiki moja na siku kidogo utakuwa na mbu wazima mu nyumba.

Mwalimu wa Bio (Bagira)

Mama Neema, hao hawakufa na ugonjwa. Wamezama.

Najua inaonekana kama mchezo, chura kuzama majini, lakini fikiria hivi. Kiluwiluwi kinapumua kama samaki, kwa mashavu. Wakati miguu ya mbele inatoka yale mashavu yanaisha na mapafu ndiyo yanashika kazi, kwa hiyo yule mtoto ameshakuwa mtu wa hewa kama mimi na wewe. Anahitaji kupanda mahali apumzike kichwa nje. Sasa beseni ya kufulia kuta zake ni laini na zimesimama, anajaribu kupanda anateleza, anajaribu tena anateleza, usiku mzima, asubuhi amechoka tumbo juu. Nimewaona wanafunzi wangu wakiua kundi zima kwa njia hiyo hiyo, na walikuwa wamelisha vizuri, wamebadilisha maji vizuri, kila kitu vizuri mpaka siku ya mwisho.

Kwa hiyo leo usiku usingoje kesho. Punguza maji yabaki kama vidole vitatu, inamisha beseni kwa kuweka kipande cha ubao chini ya upande mmoja, upande wa juu ubaki mkavu, weka hapo jiwe lenye kukwaruza au kipande cha tofali na majani mabichi ya kujificha. Jiwe lianze chini ya maji litoke polepole kama njia ya kupanda Kadutu, siyo kama ukuta. Ukiona kiwiko kinasukuma ngozi ubavuni, maana mikono inaota ndani chini ya ngozi kisha inachomoka kwa ghafla, mara nyingi mmoja mbele ya mwingine, huyo mhamishe mara moja.

Na ile kuongeza chakula, hapo umekosea kwa moyo mzuri. Miguu ya mbele ikishatoka hali kitu. Mdomo wake wa kukwangua majani unavunjwa unajengwa mwingine mpana wa kukamata wadudu, tumbo refu la mla majani linafupika, na siku zote hizo anaishi kwa mkia wake. Mkia haukatiki wala hauanguki, anaula kutoka ndani mpaka unaisha. Lengalenga uliyoongeza ilikuwa inaoza tu na kuharibu maji ya wale wengine. Wenye miguu ya nyuma pekee wape kiasi cha kuisha mchana huo, kinachobaki jioni toa. Mara moja kwa wiki unaweza kuwapa kiini cha yai lililochemshwa, kidogo sana, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kikizidi maji yananuka kesho yake. Na usimwage maji yote kwa mara moja tena, toa theluthi kila siku mbili.

Halafu zaidi ya 20 katika beseni moja ni wengi. Wakibanana wanadumaa, tena wenye nguvu wanatafuna mikia ya wanyonge. Gawanya.

Goma_Birere_Volcano

Mwalimu amesema yote lakini niongeze ya huku Goma. Mimi nalitumia mawe ya volkano yetu Nyiragongo, ile nyeusi yenye matundu matundu, huku haina bei, 2002 na 2021 mlima ilituletea mpaka mlangoni bila kuomba. Ile mawe ni dawa juu inakwaruza, katoto ka chura kanapanda kama ngazi. Iosheni tu sana mbele, bila sabuni.

Kwa maji sisi wengi tunateka ya mvua ku mabati, haina javeli, ni nzuri, lakini huku moshi ya volkano inafanya mvua kuwa na asidi, siku zingine unaonja ulimi unakataa. Kwa hiyo ile ya kwanza yenye inaosha bati acha ipite. Bukavu nyinyi mko mbali kidogo na mlima lakini hata vumbi ya bati tu na kinyesi cha ndege inatosha kuwaua.

Sasa niwaambie kosa yangu. Mwaka jana nilijifanya fundi nikaenda kutosha majani ya majini ku ziwa nipambe beseni ipendeze, nilikuwa na 25, kesho yake 19, kesho kutwa 12, nikasema paka ya jirani, nikafunika, bado inapungua. Kumbe mu yale majani kulikuwa mtoto wa kereng'ende, ile dudu ya majini ya rangi ya udongo, iko na mdomo unafyatuka kama mkono inakamata kiluwiluwi inakitafuna. Moja tu, kubwa kama kucha! Majani ya ziwa ukitaka kuyaweka, yaloweshe pembeni siku kadhaa na uangalie kila kitu yenye inatembea.

Mama Neema

Mwalimu Mungu akubariki, mbona mi nilifikiri chura na maji ni ndugu. Nimeinamisha beseni sasa hivi na kipande ya tofali, mu ile ile matofali ya shimo lao 😅. Na ile ya ndevu?

Mwalimu wa Bio (Bagira)

Nilikuwa nakuja huko, hao ndio walionifurahisha zaidi. Siyo samaki. Ni watoto wa Xenopus, chura wa majini mwenye kucha, huku Kivu wako wa aina kadhaa. Waangalie vizuri: wanaelea kichwa chini mkia juu, ncha ya mkia inatetemeka bila kupumzika, na mdomo unafungua unafunga. Hawana meno ya kukwangua kama wale weusi. Wanachuja maji, kama mama anayechekecha unga. Kwa hiyo lengalenga ya kuchemsha kwao ni kama mtu akuwekee mti mzima kwenye sahani.

Watenge, ndoo yao peke yao, maji marefu. Chakula chao ni maji ya kijani: jaza ndoo uiache juani siku kadhaa mpaka ibadilike rangi, umimine humo kidogo kidogo. Au kausha majani ya lengalenga, twanga yawe vumbi kabisa, pitisha kwenye kitambaa, koroga ndani ya kikombe cha maji, weka mpaka maji yawe na ukungu kidogo tu. Yakitakata ndipo unaongeza.

Na hawa, tofauti na wale wengine, usiwatoe nchi kavu! Wanaishi majini mpaka uzee, hawana hata ulimi, chakula wanajisukumia mdomoni kwa mikono, na miguuni nyuma wana kucha tatu tatu nyeusi. Wakishakuwa wakubwa watakula kila kinachotikisika pamoja na viluwiluwi vya wenzao, ndiyo maana nasema watenge mapema. Na funika ndoo, usiku wa mvua wanaruka.

Muganga_wa_Usiku (Ibanda)

Huyo Xenopus sisi ba infirmiye tunamheshimu. Wazee wetu wa kazi mbele ya vipimo vya leo, kuanzia miaka ya 1930, mwanamke akitaka kujua kama ana mimba banachukua mkojo yake banadunga chura jike wa aina hiyo, kama mimba iko chura anataga mayai kabla siku haijaisha. Na hafi, kisha mapumziko anatumika tena.

Nilikuja kusema kitu ingine lakini. Nimeona fasi zingine batu banashauri kuweka yodi mu maji ili viluwiluwi bigeuke haraka. Usijaribu. Kweli yenye inaamuru mkia kuisha na miguu kutoka ni homoni ya ile tezi ya shingo, na ile homoni inatengenezwa na yodi. Mwaka 1912 mtafiti mmoja, Gudernatsch, alilisha viluwiluwi na nyama ya tezi ya farasi vikageuka vyura mbele ya wakati, lakini vilitoka vidogo sana. Ni tezi ile ile yenye inavimba kwa watu wa kisiwa cha Idjwi, wale wazee wenye rovu tulikuwa tunawaona sokoni kabla chumvi ya yodi haijaenea. Chura wako wanajitengenezea ya kwao, usiwaharakishe. Na chumvi mu maji hata kidogo usiweke, itawakausha.

Baridi ya Bukavu inawachelewesha, ni kawaida, huku tuko mita 1,500 na kitu. Wiki sita ao nane, hata zaidi.

Mtoto aoshe mikono na sabuni kila mara akitoka ku beseni. Siyo juu ya masundosundo, ile ya chura akikukojolea unaota sundosundo ni bongo (uongo), ni kirusi ya watu kwa watu. Ni juu ya vijidudu vya kuharisha.

Jos_Kadutu

Kumbe ni bongo! Bibi yangu alinifukuzaka na fagio utoto wangu mzima kwa ajili ya hiyo.

Mama Neema

Mama mkwe yangu yeye ameshahama kabisa, anasema mutu mwenye kufuga vyura mu nyumba usiku anapandaka nini. Jirani naye analalamika juu ya makelele wakati viluwiluwi haviimbake hata. Mi nawaambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mama Neema (siku tisa kisha)

Nimerudi na habari. Tangu tofali, hakuna mwenye amekufa na miguu ya mbele. HAKUNA. Kumi na moja zimetoka, mkia imeisha kwa nane, tena ni vidogo vinaweza kukaa vitatu ku kidole ya mtoto, nilifikiri vitakuwa vikubwa sawa vile vya mu shimo. Mwalimu nauliza sasa banakula nini, lengalenga banaikanyaga tu.

Mwalimu wa Bio (Bagira)

Wadudu hai tu, kisichotikisika hawakioni kama chakula. Weka ganda la ndizi iliyoiva sana kwenye kopo wazi, siku tatu vile vinzi vidogo vitajaa, mimina kopo ndani ya beseni ufunike na musitikere. Lakini usikae nao muda mrefu, kulisha vyura wadogo kunachosha kuliko kunyonyesha. Mvua ingalipo, warudishe jioni katika shimo lile lile mlilowatoa, siyo kwingine, kuna kuvu la ngozi ya vyura linasafiri na maji kutoka bonde moja hadi lingine. Maji ya beseni mwaga kwenye udongo mkavu.

Mama Neema

Tumewapeleka jana saa kumi na mbili, nane. Mtoto aliwahesabu mu gobole kisha akahesabu tena chini ya majani. Zile za ndevu amekataa kuzirudisha mpaka aone zile kucha tatu. Moja imeanza kutoa mguu.

Jos_Kadutu

Weka picha basi mama Neema, na mama mkwe akirudi tuambie.