Zuhura na usubi wa Pangani: gumzo la kikundi cha familia

Bibi (Pangani): Assalamu alaykum wanangu. Nawaarifu kwamba mjukuu wangu Zuhura hakulala vizuri usiku wa kuamkia leo kwa sababu ya muwasho. Miguu yake, kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, imejaa vipele vyekundu, na picha nimeituma hapo juu. Chandarua kilikuwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro, tena nilikichomeka kwa mikono yangu, kwa hiyo sielewi wadudu hawa wamepitia wapi. Wenzake anaolala nao wana vipele vichache tu, wala hawavijali.

Mama Zuhura (Dodoma): Wa alaykumu salaam. Shikamoo Mama. Nimeiona picha na roho imenishtuka. Je, ana homa? Na kile kipele kilicho juu ya kifundo cha mguu wa kulia, mbona kinaonekana kama kina majimaji? Wifi Mwanaidi, ukishatoka zamu tafadhali tuangalizie.

Bibi: Marahaba mwanangu. Hana homa, nimempima kwa kipimajoto ikaonyesha 36.8. Amekunywa uji wake wote na sasa yuko uani anacheza. Taabu ni kujikuna, na humzidi jioni anapokuwa ametulia.

Baba Mdogo Salim (Tanga mjini): Shikamoo Mama. Pole sana shemeji. Sisi tulipokuwa wadogo tulipakwa mafuta ya taa au limau na maisha yakaendelea. Vikikosekana hivyo, magadi kidogo yakorogwe kwa maji apakwe, naamini muwasho utakatika leo hii hii. Kesho asubuhi nakuja Pangani, kwa hiyo nielezeni nilete nini.

Shangazi Mwanaidi (Dar es Salaam): Shikamoo Mama, na nyote nawasalimu. Nimeikuza picha na kuitazama kwa makini. Mdogo wangu Salim, nakuomba sana vitu hivyo vitatu visimguse mtoto. Mafuta ya taa huichoma ngozi laini, na mvuke wake si mzuri kwa pumzi ya mtoto. Limau likipakwa kwenye ngozi kisha mtoto akatoka juani, linaweza kumuunguza hadi atoke malengelenge na kubaki na madoa meusi kwa muda mrefu. Magadi nayo ni makali kuliko soda ya kuokea, ingawa vyote viwili vinakaa kwenye kabati moja la jikoni na watu wengi huvichanganya. Ukiyapaka mahali alipokwisha kujikwaruza, utakuwa umemfanyia kidonda. Inayofaa ni ile soda ya kuokea: chukua kijiko kikubwa kimoja, tia maji kidogo kidogo hadi iwe uji mzito, paka juu ya vipele ambavyo havijachubuka, acha kwa dakika 10, kisha osha.

Shangazi Mwanaidi: Mama, chandarua chako hakina kosa. Kwa jinsi vipele vilivyo vidogo na kusongamana miguuni, na kwa kuwa nyumba yetu iko karibu na mikoko ya mtoni, nawashuku zaidi usubi kuliko mbu. Usubi huzaliana kwenye tope la mikoko, huuma hasa jua linapozama na alfajiri, na ni wadogo kiasi kwamba hupenya kwenye matundu ya chandarua cha kawaida, ambacho kilifumwa kwa kumlenga mbu. Kama ilivyo kwa mbu, anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Akiuma huacha mate yake ndani ya ngozi, na mwili unapoyakataa mate hayo hutoa kemikali iitwayo histamini, ambayo ndiyo huleta uvimbe na muwasho. Wenzake Zuhura wamekulia hapo na miili yao imekwisha kuyazoea mate ya wadudu wa hapo, ilhali mwili wake yeye, uliozoea Dodoma, unayapokea kwa ugeni na kuvimba zaidi. Hilo peke yake si ugonjwa.

Bibi: Nimekuelewa mwanangu, na nimeshusha pumzi, maana nilikuwa nikijilaumu kwa kile chandarua. Hapa uani nina mwarobaini. Je, nikichemsha majani nikamwogeshea, kuna ubaya?

Shangazi Mwanaidi: Hakuna ubaya Mama, mradi maji yapoe kabisa na yasimwagwe juu ya kipele kilichochubuka. Ninachokataza ni kumnywesha, na zaidi ya yote mafuta ya mwarobaini, kwa kuwa mtoto mdogo akiyanywa yanaweza kumdhuru vibaya. Shubiri nayo inafaa ukitumia ute wa ndani ulio mweupe tu. Ule utomvu wa manjano unaotoka karibu na ganda huwasha, kwa hiyo uoshwe kwanza. Hata hivyo, kabla ya majani yote hayo, anza na baridi. Mwogeshe kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali, kisha funga barafu ndani ya kitambaa safi, ukiweke juu ya sehemu inayowasha kwa dakika 10, upumzike, urudie. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Usimwogeshe maji ya moto, kwa maana huikausha ngozi na muwasho hurudi ukiwa mkali zaidi, na kitandani asifunikwe kwa nguo nzito, kwani joto ndilo linalomwamsha usiku.

Mama Zuhura: Ahsante wifi. Nilikuwa nataka kuuliza jambo lingine. Hapa nyumbani ninayo krimu ya mchanganyiko niliyouziwa kwenye duka la dawa kwa ajili ya fangasi, na jirani yangu anasema huondoa muwasho papo hapo. Je, Salim amnunulie ya namna hiyo?

Shangazi Mwanaidi: Hapana wifi, na naomba hata hiyo uliyonayo usimpake mtu yeyote hadi uisome maandishi yake. Nyingi za krimu hizo zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kama betamethasoni au klobetasoli, na huko ndiko unakotoka upesi wake. Zikitumiwa ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba na hufunika maambukizi yakaendelea kukua chini kwa chini, na nimewaona akina mama wengi wakija na watoto ambao ngozi zao zimeharibika kwa krimu iliyonunuliwa kwa nia njema kabisa. Salim, ukifika duka la dawa omba losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, ambayo itikiswe kabla ya kupakwa. Omba pia dawa ya maji ya setirizini ya watoto, ambayo huzuia ile histamini, na umweleze mfamasia kwamba mtoto ana miaka 5 na uzito wake, ili akuandikie kipimo. Piriton nayo hupunguza muwasho lakini humlewesha mtoto kwa usingizi. Usichanganye hizo mbili. Kama muwasho utashinda hivyo vyote, ndipo tutazungumzia krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, nayo ni kwa siku chache tu na si juu ya kidonda.

Baba Mdogo Salim: Nimeandika yote, Dada. Shemeji, nipe uzito wake.

Mama Zuhura: Alipopimwa kabla ya safari alikuwa na kilo 17. Wifi, bado nakiwazia kile kipele cha kifundoni.

Shangazi Mwanaidi: Hata mimi hicho ndicho kimoja ninachokitilia shaka, kwa kuwa naona kama amekichubua kwa kucha. Vidonda hivi mara nyingi huletwa na kucha za mtoto mwenyewe zinazoingiza bakteria, wala si mdudu. Mama, tafadhali mkate kucha leo ziwe fupi kabisa, uzisugue kwa sabuni, na usiku umvalishe soksi ndefu nyepesi za pamba. Kioshe kipele hicho kwa maji safi na sabuni, ukikaushe, ukifunike kwa bandeji safi. Kisha chukua kalamu ya wino, uchore mstari kwenye ngozi kuuzunguka wekundu wote kama ulivyo sasa. Kesho wakati kama huu, wekundu ukiwa umevuka mstari, au pakiwa na joto, usaha, maumivu yanayoongezeka au michirizi myekundu inayopanda mguuni, basi Salim ampeleke kituo cha afya bila kusubiri ushauri wangu. Na ikitokea midomo au uso umevimba, au anapumua kwa shida, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Bibi: Na homa ikimjia?

Shangazi Mwanaidi: Homa tusiihesabu kuwa ni ya vipele. Apelekwe apimwe malaria siku hiyo hiyo, na waelezwe kwamba ameumwa na wadudu wengi. Kabla hajapimwa apewe paracetamol peke yake. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengue, homa nyingine inayoenezwa na mbu, dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Dar es Salaam tuliiona dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huuma mchana, wakati ambao hakuna anayefikiria chandarua.

Baba Mdogo Salim: Na hao usubi tuwafanyeje, Dada? Nina feni moja isiyo na kazi hapa kwangu.

Shangazi Mwanaidi: Ilete, tena ni jambo la maana sana. Usubi ni dhaifu katika kuruka na upepo wa feni huwashinda, kwa hiyo ielekezwe kitandani, chini usawa wa miguu. Alasiri inapokwisha avae suruali ndefu na aingie ndani kabla ya magharibi, kisha asicheze upande wa mikoko hadi jua litoke. Dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu, yenye kemikali ya DEET ya asilimia 20, inafaa kwa umri wake. Apakwe na mtu mzima, isifike viganjani, machoni wala mdomoni, wala isipakwe juu ya vipele. Chandarua kibaki palepale, kwa kuwa mbu wa malaria yupo pia.

Bibi: Kucha nimemkata, mstari nimeuchora, na picha ya mguu hii hapa. Barafu ameipenda, sasa anadai awekewe na mguu wa pili.

Shangazi Mwanaidi: Vizuri Mama. Wekundu naona haujazidi upana wa sarafu. Nitumie picha nyingine kesho saa 10 jioni, iliyopigwa nje kwenye mwanga, mstari ukionekana wote. Salim, ongeza pakiti moja ya bandeji.

Baba Mdogo Salim: Nimeongeza. Naondoka na basi la saa 12 asubuhi.