Mjadala: Vipimo vya pembe kwenye vitabu vya zamani vya falaki, viachwe vilivyo au vigeuzwe desimali?

Mleta mada:

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanikereketa muda sasa. Watu wakichapisha upya majedwali ya zamani ya falaki wanachukua zile digrii, dakika na sekunde wanazigeuza zote desimali, eti msomaji wa leo asisumbuke, na maandishi ya mwanzo huyaoni tena popote. Mimi napinga, tena napinga kabisa.

Chukua mfano huu. Unafungua jedwali la sayari unakutana na 4s 12° 37′ 20″. Asiyejua anadhani ile s ni sekunde. Siyo, ni buruji! Njia ya jua angani imegawanywa buruji 12, kila moja digrii 30, na majedwali ya aina hii yanaanza na sifuri kwa Hamali, kwa hiyo 1 ni Thauri, 2 Jauza, 3 Saratani, 4 Asadi. Maana yake sayari imeshamaliza buruji nne nzima, yaani digrii 120, na sasa iko ndani ya Asadi digrii 12 dakika 37 sekunde 20. Jumla 132° 37′ 20″. Ukishalijua hilo jedwali zima linafunguka, ila mtu akikupa 132.6222 umepata namba basi, mwandishi alikuwa anaionaje anga hujui.

Vipo vipimo vinavyoenda mpaka alama tatu ‴, sekunde inakatwa tena mara 60. Hata hili neno letu dakika limetoka kwa Waarabu na maana yake ni kitu chembamba, kidogo, na walikuwa wanalitumia kwa pembe vilevile kama kwa saa.

Halafu mcheki Kepler, yule mwanafalaki Mjerumani. Alihangaika na njia ya Mirihi miaka, hesabu yake ikapishana na vipimo vya Tycho Brahe, mpimaji anga aliyemtangulia, dakika 8 tu za digrii, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Angeweza kupotezea. Lakini alijua Tycho akipima hawezi kukosea kiasi hicho, akaitupa hesabu yote akaanza upya mpaka akaona Mirihi inazunguka jua kwa njia ya duaradufu, kitabu kikatoka 1609. Sasa andika 0.1333 uone nani atashtuka. Tycho alikuwa anasoma dakika kwenye chombo chake, hizo dakika ndo ushahidi wenyewe.

Mchangiaji:

Mkuu heshima yako ila hapa naomba nitofautiane na wewe. Unaongea kama mtu ambaye ameshazoea, sisi tunaoanza hizo alama zinatupoteza. Mimi niliwahi kuchukua mahali pa nyota Rigel, 5h 14m 32s, nikajua h ni saa na saa moja ni digrii 15, nikapata 75, halafu zile 14m nikaziunga hivyohivyo kama dakika za digrii, nikapata 75° na robo hivi. Kumbe dakika ya saa nayo ni dakika 15 za pembe! Jibu ni 78° 38′. Nimekosea zaidi ya digrii tatu, hapo unapanga miezi mipevu sita mstari mmoja na nafasi inabaki.

Na usisahau Wafaransa. Laplace kwenye kitabu chake kikubwa cha mwendo wa sayari, kilichoanza kutoka 1799, pembe mraba ni digrii 100 siyo 90, na digrii ina dakika 100. Mwinamo wa njia ya jua, yaani pembe kati yake na ikweta ya anga, ambao sisi tunauita digrii 23 na nusu hivi, kwake ni 26 na kidogo, na alama ya digrii ni ileile! Sasa hapo ukimwachia msomaji maandishi ya zamani umemsaidia nini? Geuza, yaishe.

Mleta mada:

Mkuu hilo la Rigel nakubali, linauma na limewapata wengi. Lakini angalia ulivyojua kwamba umekosea, ni kwa sababu zile h na m zilikuwepo bado ukazirudia. Yule aliyegeuza kabla yako akikosea kama wewe, akakuachia 75.24 peke yake, ungemkamatia wapi?

Na kuna Ptolemaio, mwanafalaki wa kale aliyeandika kwa Kigiriki. Mwinamo huohuo unaoutaja yeye ameweka 23;51,20, yaani digrii 23, dakika 51, sekunde 20. Ukiiona hivi unaweza kudhani alipima mpaka sekunde, wakati amezidisha kama dakika 10 nzima. Zile sekunde 20 hazikutoka kwenye chombo. Alichopima ni umbali kati ya jua la kaskazini kabisa na la kusini kabisa, akasema uko kati ya 47° 40′ na 47° 45′, halafu akakubali sehemu 11 kati ya 83 za duara, ukigawa kwa mbili unapata hiyohiyo 23;51,20. Jaribu mwenyewe. Ukiwa na 23.8556 hiyo njia ya kurudi nyuma huioni, na zile tarakimu nne za mwisho zinakudanganya kwamba jamaa alikuwa makini kupita Tycho.

Mimi sijasema desimali zifutwe. Ziwekwe pembeni, safu ya pili, maandishi ya mwanzo yabaki safu ya kwanza. Kwa Laplace inatosha kuandika juu ya kila jedwali "hapa pembe mraba ni 100", mstari mmoja tu. Hiyo safu ya pili inakukwaza wapi mkuu?