Tupeane uzoefu: siku isiyo na takwimu unaichoraje kwenye grafu ya mstari?

Wakuu, habari za Jumapili. Natunza hesabu za maduka matatu ya dawa: Mbagala, Tabata na Sinza. Kila jioni wauzaji wananitumia mauzo kwa WhatsApp, naingiza kwenye Excel, na mwisho wa mwezi namchorea tajiri grafu ya mstari, kila duka na rangi yake.

Mwezi uliopita muuzaji wa Mbagala aliuguliwa na mwanawe, akakaa naye hospitali siku nne. Duka halikufungwa, shemeji yake ndiye aliyeuza, ila hesabu hazikunifikia. Nikajaza 0 ili seli zisikae tupu. Tajiri alipouona mstari umeporomoka na kulala chini siku nne, hakuniuliza mimi. Alimpigia yule dada, bado yuko wodini, akamuuliza kwa nini alifunga duka. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu ile sifuri niliiandika mimi.

Wenzangu mnafanyaje?

Muuguzi, Temeke
Pole mkuu, na dada mpe pole. Kwetu sifuri ni hatari zaidi. Friji ya chanjo inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na tunasoma kipimajoto asubuhi na jioni. Kituo nilichokuwa zamani, wikiendi moja hakuna aliyesoma, mwenzetu akaweka 0 kwenye kompyuta. Kwenye grafu ya friji hiyo 0 inasomeka barafu, na chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imeharibika. Ilikuwa taharuki.

Zikafutwa, grafu ikawekwa iunganishe mstari. Ijumaa nyuzi 5, Jumatatu nyuzi 5, katikati mstari umenyooka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana Jumamosi umeme ulikatika karibu mchana kutwa, na mstari unasema friji ilitulia! Tangu siku ile naacha pengo, na chini yake naandika kwa maneno kwa nini hakukusomwa.

Mwalimu, Kigamboni
Kuna sifuri za kweli pia, msizifute zote. Shuleni tunapima mvua. Kwenye kipimamvua 0 maana yake mtu amekwenda, ametazama, amekuta pakavu. Mwezi wa nne, masika imekolea, wikiendi hakuna mpimaji, Jumatatu asubuhi chombo kina maji ya siku tatu. Wanafunzi wakaandika Jumamosi 0, Jumapili 0, Jumatatu milimita 61. Grafu ikaonyesha gharika ya siku moja ambayo haikutokea. Tuliacha zile siku mbili tupu, na ile 61 tukaitia alama kwamba ni jumla ya siku tatu.

Muuza vitenge, Kariakoo
Mkuu, utekelezaji wake huu hapa. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia sehemu ya kuchagua data, chini kushoto kuna kitufe cha seli zilizofichwa na seli tupu. Utachagua kati ya pengo, sifuri, au kuunganisha nukta. Kwa grafu ya mstari Excel huanza na pengo, kwa hiyo ukifuta zile 0 mstari wa Mbagala utakatika wenyewe.

Mtego uko kwenye fomula. Mimi nilikuwa na =IF(B2="","",B2*C2). Kwa macho seli ni tupu, lakini Excel inaona maandishi, na maandishi inayachora kama sifuri. Nilikesha nikitafuta kosa. Dawa yake ni =IF(B2="",NA(),B2*C2). Seli itaonyesha #N/A, yaani takwimu haipo, na mstari hautaanguka, ila huenda ukaunganisha nukta za pembeni. Kama unataka pengo, Microsoft 365 ina kisanduku cha kutiki palepale kinachoifanya #N/A ichukuliwe kama seli tupu. Tena SUM, ile fomula ya kujumlisha, itagoma ikikutana na #N/A, tumia =AGGREGATE(9,6,D2:D31).

Muuza barafu, Feri
Nyongeza fupi: siku yenye takwimu ikibanwa na mapengo pande zote mbili haionekani kabisa, maana mstari unataka nukta mbili. Washa alama za nukta. Sabasaba yangu ilipotea hivyo, siku niliyouza kuliko zote za mwezi ule.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Nimefuta zile 0, na wastani wa Mbagala nao umepanda. Kumbe AVERAGE inaziruka seli tupu lakini 0 inaihesabu, kwa hiyo dada alikuwa anaonewa mara mbili.

Amerudi kazini Alhamisi na daftari la shemeji yake. Mauzo ya siku tatu yamo, ukurasa wa siku ya nne umelowa, hausomeki. Tatu nimeshaingiza, ya nne naiacha pengo. Kesho grafu naipeleka kwa tajiri mimi mwenyewe, dada akiwepo.